Fremu ya Dhahabu Haina Fundi Mmoja

Mwezi wa Aprili 1480, chama kimoja cha waumini mjini Milan kilimpa mchonga mbao Giacomo del Maino kazi ya kutengeneza pambo kubwa la kusimama nyuma ya altare yao: nguzo, matao, nakshi, na katikati yake nafasi za kuwekea picha. Del Maino alimaliza mwaka 1482. Ni baada ya hapo, tarehe 25 Aprili 1483, ndipo walipotafutwa wachoraji wa kuzijaza nafasi zile: ndugu wawili, Evangelista na Ambrogio de Predis, pamoja na mtu wa miaka 31 kutoka Florence aliyeitwa Leonardo da Vinci. Mkataba haukuwataka wachore tu. Uliwataka pia waipake rangi na kuitia dhahabu kazi ya del Maino. Baadaye Leonardo na Ambrogio walilalamika kwamba lira 800 walizoahidiwa zilikuwa zimeishia kwenye mapambo hayo, na picha yenyewe ikawa kama haikulipiwa.

Picha iliyozaliwa humo ni Bikira wa Miamba. Nakala moja ya mkono wa Leonardo iko katika makumbusho ya Louvre jijini Paris, ya pili iko National Gallery jijini London, na kila siku watu husimama mbele yake. Fremu ya del Maino haipo tena popote. Mimi huwa naifikiria fremu hiyo kila nisomapo habari za picha ile, kwa sababu kisa chake kinatuonyesha jambo tulilolisahau: kulikuwa na wakati ambapo fremu ndiyo iliyotangulia, na mchoraji akaja kujaza pengo lililoachwa na mchongaji.

Watu wengi wakiiona fremu ya zamani ya dhahabu huuliza maswali mawili: ni dhahabu kweli, na nani aliitengeneza? Yote mawili yana majibu marefu kuliko yanavyoonekana. Dhahabu ni kweli, lakini ndiyo kitu kidogo kuliko vyote vilivyomo ndani yake. Na aliyeitengeneza si mtu mmoja. Ni seremala, mchonga nakshi, mpakaji chaki, mfua dhahabu na mtia dhahabu, na mara nyingi watu hawa hawakukaa chini ya paa moja.

Ubao mmoja, kisha viwili

Katika Italia ya karne ya 13 na 14, picha na fremu zilikuwa kitu kimoja. Fundi aliunda ubao, akapigilia kingo zake papo hapo, kisha ubao na kingo vikapakwa chaki pamoja na kutiwa dhahabu pamoja. Mchoraji alikuja mwisho. Huwezi kuitoa fremu ya namna hiyo bila kuipasua picha.

Hata mafundi walipoanza kuvitenganisha, bado vilizungumza lugha moja. Katika kanisa la Frari mjini Venice kuna picha ya Giovanni Bellini ya mwaka 1488, Bikira na Mtoto wakiwa kati ya watakatifu, na fremu yake ilichongwa na Jacopo da Faenza. Nguzo alizochonga Jacopo kwa mbao zinaendelea ndani ya picha kama nguzo alizochora Bellini kwa rangi, hata jicho linashindwa kujua mbao zimeishia wapi. Fremu hiyo ingali mahali pake, na ni bahati kubwa. Nyingine ni ile ya mviringo inayoizunguka Familia Takatifu ya Michelangelo, iliyo katika jumba la Uffizi mjini Florence, yenye vichwa vinavyochungulia kutoka ndani ya mbao kama watu madirishani. Wataalamu huihusisha na karakana ya ukoo wa del Tasso, wachonga mbao wa Florence.

Kilichobadili mambo ni turubai na nyumba za matajiri. Picha ilipoanza kuchorwa kwenye kitambaa na kutundikwa sebuleni, ikawa mali ya kuhama: inauzwa, inarithiwa, inavuka mipaka. Fremu nayo ikawa vazi, na vazi hubadilishwa.

Dhahabu inakaa juu ya nini

Kwa Kiswahili tumezoea kusema kitu "kimechovywa dhahabu". Kwa mapambo ya chuma usemi huo unafaa. Kwa mbao unapotosha, maana hakuna kinachochovywa. Upo pia ufundi wa kuyeyusha dhahabu kwa zebaki na kuichoma juu ya shaba nyeusi, uliotumika kwenye saa za mezani na mapambo ya makabati, na uliowaua mafundi wengi kwa mvuke wake. Huo nao hauhusiani na fremu za mbao, kwa kuwa mbao zisingestahimili moto ule.

Njia ya mbao ni ya taratibu sana. Kwanza mbao zenyewe: Italia walipenda mpopla, Ufaransa mwaloni, Uingereza msonobari. Seremala alizikata, akaziunga pembe nne kwa mshazari wa digrii 45, akakaza kiungo. Mchonga nakshi akachukua patasi zake akatoa majani, maua na makombe. Hapo ndipo wengi wetu tungedhani kazi imekaribia kwisha. Kwa kweli imeanza tu.

Mpakaji chaki alichemsha gundi ya ngozi, mara nyingi ya sungura, katika chungu kilichowekwa ndani ya maji ya moto ili isiungue. Alipiga mkono wa kwanza wa gundi tupu ili mbao inywe ishibe. Kisha alichanganya gundi hiyo na unga wa chaki, au jasi kwa Waitalia, akaipaka ikiwa vuguvugu: mkono wa pili, wa tatu, wa nne, hadi minane au kumi na miwili. Kulikuwa na sheria moja ambayo mwanagenzi aliijifunza mapema, wakati mwingine kwa machungu: tabaka la juu lisiwe na gundi kali kuliko la chini yake. Gundi ikikauka hujivuta. Tabaka kali likiwa juu ya tabaka dhaifu hulivuta na kulibandua, na kazi ya wiki nzima hutoka kama maganda.

Matabaka hayo yakikauka huleta tatizo jipya. Yameziba nakshi. Mshipa mwembamba wa jani uliochongwa kwenye mwaloni sasa umefunikwa na chaki nene, na ua limevimba kama donge la unga. Kwa hiyo fundi mwingine alikaa na vyuma vyenye ncha zilizopinda, akachonga tena, safari hii ndani ya chaki yenyewe. Alirudisha mishipa ya majani, akakata mistari myembamba kama uzi, akachora vimiraba vidogo kwenye sehemu tambarare. Wafaransa wa karne ya 18 walikuwa hodari wa kazi hii kuliko wote. Ukitazama fremu nzuri ya enzi ya mfalme Louis wa 15 na kusifu uchongaji wa mbao, sehemu kubwa ya kile unachokisifu hakimo ndani ya mbao kamwe. Kimo ndani ya chaki, na aliyekichonga si yule aliyeshika patasi mwanzo. Kwangu mimi, hakuna jambo kubwa kuliko hili katika habari nzima ya fremu, na ndilo lisilotajwa sana.

Juu ya chaki hupakwa udongo laini wenye chuma, wa rangi nyekundu, manjano au kijivu, ambao kwa asili ulisifiwa ule wa Armenia. Udongo huu una kazi mbili. Ni godoro: unaipa dhahabu mahali laini pa kulalia ili ikisuguliwa isipasuke. Na ni rangi: dhahabu ni nyembamba mno kiasi kwamba kilicho chini yake huonekana. Ile joto ya wekundu unayoiona kwenye pembe za fremu ya zamani, pale dhahabu ilipolika kwa miaka, ni udongo huo unaochungulia.

Mfua dhahabu na mtia dhahabu

Dhahabu yenyewe ilitoka kwa fundi mwingine kabisa. Mfua dhahabu aliweka vipande vyembamba kati ya karatasi za ngozi, akavipiga kwa nyundo nzito, akavikata vinne, akavipiga tena. Hatua ya mwisho vilikaa kati ya tando zilizotolewa kwenye utumbo wa ng'ombe, kwa kuwa hakuna kitu kingine kilichokuwa chembamba na imara kiasi hicho. Utando wa dhahabu unaotoka hapo una unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ukiuinua kwenye mwanga, mwanga unapita, tena unapita ukiwa na rangi ya kijani.

Cennino Cennini, mchoraji wa Toscana aliyeandika mwongozo wa ufundi karibu mwaka 1400, aliwalalamikia wafuaji wa wakati wake. Sarafu moja ya dukati, alisema, isitoe tando zaidi ya 100, lakini wao walikuwa wakitoa 145. Dukati ilikuwa na takriban gramu 3.5 za dhahabu. Piga hesabu hapo uone jinsi dhahabu ilivyo kidogo kwenye fremu inayoonekana kama imejengwa kwa dhahabu tupu.

Sasa anaingia mtia dhahabu. Ana kimto cha ngozi, kisu butu kidogo, na brashi bapa ya manyoya ya kindi. Hawezi kuushika utando kwa vidole, utamezwa na jasho. Huipitisha brashi shavuni mwake ipate mafuta kidogo ya ngozi, kisha huunyanyua utando kwa ncha ya manyoya. Udongo umelowanishwa kwa maji yenye gundi kidogo sana, au kwa ute wa yai kama Cennini alivyofundisha. Utando ukikaribia maji hurukia wenyewe, na hapo hakuna kurudi nyuma. Dirisha likiwa wazi, upepo mdogo tu unaharibu kila kitu, ndiyo maana vyumba vya watia dhahabu vilifungwa hata wakati wa joto.

Kisha hungoja. Akisugua mapema, dhahabu inang'oka. Akichelewa, haing'ai. Ikifika saa yake, huisugua kwa jiwe la akiki lililochongwa kama jino. Kabla ya akiki walitumia meno halisi: Cennini anataja ya mbwa, simba, mbwamwitu, paka na chui, na kwa jumla ya wanyama walao nyama. Dhahabu iliyokuwa imefifia hugeuka kioo chini ya jino hilo. Fundi hakusugua kote. Alichagua: mgongo wa jani ung'ae, bonde lake lisisuguliwe. Kumbuka kwamba fremu hizi zilitazamwa kwa mshumaa. Mwali ulipotikisika, sehemu zilizong'arishwa ziliwaka na nyingine zikatulia, na mwanga ukarudishwa juu ya picha. Ukiiweka fremu ileile chini ya taa kali za leo zisizotikisika, nusu ya kazi ya fundi huyo inapotea.

Mchoraji Mfaransa Nicolas Poussin alilielewa jambo hili vizuri. Mwaka 1639 alimpelekea mteja wake Chantelou picha ya Waisraeli wakiokota mana, na katika barua akamsihi aitafutie fremu, kusudi macho ya mtazamaji yakusanyike mahali pamoja yasitawanyike kwa vitu vilivyo kandokando. Aliomba itiwe dhahabu isiyong'arishwa, kwa sababu hiyo huungana kwa upole na rangi bila kuzikera. Mtu aliyechora picha nzima alijali pia mng'ao wa ukingo wake.

Kulikuwa na njia ya mkato pia. Dhahabu inaweza kubandikwa juu ya mafuta yanayonata badala ya maji. Hiyo haing'arishwi kwa jiwe, lakini hustahimili unyevu. Mafundi wengi walitumia zote mbili kwenye fremu moja, maji pale walipotaka kioo, mafuta pale walipotaka utulivu. Na pale mteja asipokuwa na uwezo, hasa Italia na Hispania, walitandika fedha wakaipaka vanishi ya manjano. Baada ya karne mbili, fedha hiyo huwa na madoa meusi pale vanishi ilipopasuka.

Jina lililogongwa nyuma

Paris iligawa kazi hizi kwa sheria. Maseremala walikuwa na chama chao, wachongaji na watia dhahabu walikuwa na chama kingine, cha Mtakatifu Luka, na kuingilia kazi ya mwenzako kulileta kesi. Kanuni za chama cha maseremala za mwaka 1743, zilizoanza kutekelezwa 1751, ziliwataka mabwana wa karakana wagonge jina lao kwa chapa ya chuma kwenye kazi zao, pamoja na herufi JME za chama. Kwa hiyo leo ukigeuza fremu ya Paris ya wakati huo unaweza kukuta jina la Infroit au Chérin limedidimia kwenye mwaloni.

Ugunduzi kama huo hufurahisha, na hupandisha bei. Lakini tuwe waangalifu na maana yake. Chapa ni ya seremala mwenye karakana. Aliyerudia nakshi ndani ya chaki, ambaye mkono wake ndio unaoonekana, hakuwa na chapa. Mwaka 1791 mapinduzi yalivifuta vyama vyote hivyo, na chapa zikakoma kuwa sharti.

Wakati huohuo, ng'ambo ya pili kule London, kazi ya patasi ilikuwa inapata mshindani. Mafundi walichanganya chaki, gundi, mafuta ya kitani na utomvu wa msonobari wakapata donge kama unga wa maandazi. Likiwa la moto waliligandamiza kwenye kalibu ya mbao ngumu iliyochongwa kinyumenyume, likatoka jani kamili, wakalibandika kwenye fremu tupu. George Jackson alianza biashara hiyo London mwaka 1780. Mchongaji mmoja aliyechonga kalibu moja sasa angeweza kupamba fremu elfu. Karne ya 19 ilipofika, na Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, ikawa inadai kila picha ya maonyesho iwe na fremu ya dhahabu, mahitaji yalizidi kiasi ambacho patasi zingeweza kukidhi. Sikubaliani na wanaozidharau fremu za namna hii. Kalibu zile zilichongwa na mabingwa, na kuchonga kitu kinyume ili kitoke sawa ni kazi ngumu kuliko kukichonga kwa kawaida.

Kwa nini picha na fremu hazilingani umri

Tembelea makumbusho yoyote kubwa ya Ulaya, utakuta picha ya 1520 ndani ya fremu ya 1750. Mara nyingi ni matakwa ya mwenye mali. Katikati ya karne ya 18, jumba la picha la mtawala wa Saxony, Ujerumani, mjini Dresden lilivalisha picha zake fremu za namna moja zenye nembo ya mtawala huyo, na kazi za Waitalia waliokufa miaka 200 nyuma zikapata mavazi ya Kijerumani. Fremu za mwanzo ziliondolewa, na aghalabu hakuna aliyeandika zilikwenda wapi.

Wachoraji wa Ufaransa wa miaka ya 1870 nao walikuja na mtazamo wao. Pissarro na Degas walitaka fremu nyeupe au za rangi tulivu. Van Gogh mwaka 1887 alipaka rangi ya manjano fremu ya picha yake ya matunda, na ipo hadi leo Amsterdam. Lakini wafanyabiashara waliojua wateja wao waliziondoa nyingi wakaweka fremu za kifalme za karne ya 18, na mnunuzi tajiri akajisikia nyumbani. Mwenzao Monet, ambaye picha yake unaiona imezungukwa na majani ya dhahabu ya enzi ya Louis wa 15, hakuomba hayo.

Fremu zilipohamishiwa picha nyingine, zilikatwa. Hiyo huonekana kwa urahisi. Fundi wa zamani aliipanga nakshi ifike pembeni na katikati kwa usawa, akihesabu kila jani. Ukiona jani limekatika nusu penye kona, au ua la katikati limesogea upande mmoja, msumeno umepita hapo.

Kuisoma fremu

Anza nyuma. Mbao ya zamani ina rangi yake, imekauka kwa hewa, ina alama za randa ya mkono na vitundu vya wadudu. Kisha rudi mbele utazame nyufa. Mbao hupasuka kufuata nyuzi zake. Donge la kalibu hujivuta likikauka, na baada ya miaka hupasuka kukatiza pambo, ufa baada ya ufa kwa nafasi zinazokaribiana kulingana. Pale lilipomeguka, ndani ni kahawia. Pambo la jasi iliyomiminwa kwenye kalibu ndani ni jeupe pe. Tafuta pia mistari hafifu inayojirudia kila baada ya sentimita kadhaa: ni pale utando mmoja ulipolala juu ya jirani yake. Rangi ya dhahabu ya kopo haina mistari hiyo.

Rangi hiyo ya kopo imeziua fremu nyingi kuliko wadudu. Ni unga wa shaba ndani ya vanishi. Siku ya kwanza inapendeza, baada ya miaka michache inakuwa kahawia iliyofubaa, na chini yake dhahabu halisi imezikwa. Kuitoa bila kuigusa dhahabu kunachukua muda mrefu kuliko kutia dhahabu upya.

Adui wa pili ni kitambaa chenye maji. Tulisema dhahabu ilibandikwa kwa maji na gundi ya ngozi. Maji hayohayo huiyeyusha gundi. Mtu mwenye nia njema anafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, anaona wekundu unatokea, anadhani ni uchafu, anaongeza nguvu. Anachokiona ni udongo, na dhahabu imo kwenye kitambaa. Vumbi la fremu huondolewa kwa brashi laini iliyo kavu, basi.

Mwaka 1903, huko Winchester, Massachusetts, mchoraji Hermann Dudley Murphy alianzisha karakana ya fremu aliyoiita Carrig-Rohane, jina la nyumba yake. Zilichongwa kwa mkono na kutiwa dhahabu kwa njia ya zamani, na nyuma ya kila moja waliandika jina la karakana na tarehe, kama mchoraji anavyoandika kwenye picha. Hatua hiyo ilichelewa kwa karne nyingi. Kwa fremu zilizotangulia, alama za mafundi ni zile zilizobaki ndani ya kazi yenyewe: mstari wa chuma kwenye chaki, pembe iliyong'arishwa zaidi, namba ya penseli nyuma ya ubao. Kwa hiyo kipande kikianguka, usikitupe. Kiweke kwenye bahasha, andika kilitoka kona ipi, uifunge bahasha nyuma ya fremu. Fundi ajaye anaweza kukirudisha mahali pake kwa gundi ileile ya ngozi.